Mrejesho: Forester ya tabo na oktani ya petroli

Wakuu, niliuliza kwa nini Subaru Forester yangu ya tabo inagonga injini ikipanda mlima Kitonga na mzigo, na kama petroli ya oktani kubwa (oktani ni kipimo cha jinsi petroli inavyohimili kujiwasha yenyewe) itasaidia. Imesaidia.

Kumbe kwenye mfuniko wa tangi kuna kibandiko cha Kijapani kinachotaka petroli ya premium, ambayo kwa kiwango cha Japani huanzia oktani 96. Tabo inasukuma hewa nyingi kwenye silinda, presha na joto vinapanda, na mafuta ya oktani ndogo yanajiwasha yenyewe kabla moto wa plagi haujayafikia. Ndiyo ile kelele. Sensa ikiinasa, kompyuta inachelewesha cheche na gari linakosa nguvu. Sasa najaza ya oktani ya juu na mlio umekwisha. Ulaji wa mafuta sijaona tofauti ya maana.

Kwa aliyenipa namba za oktani za Marekani: Wamarekani wanahesabu kivyao, 91 ya pampu zao ni kama 95 au 96 yetu.

Toyota IST ya mke wangu inabaki na petroli ya kawaida. Haina tabo, kuijazia ya ghali ni kumchangia mwenye sheli tu.