Kwa nini bamvua huja mwezi ukiandama na pia ukiwa mpevu?

Mkulima wa mwani, Jambiani
Assalaam alaykum. Sisi tunaolima mwani tunajua kwamba bamvua, yaani maji kujaa sana na kupwa mbali sana, huja siku za mwanzo wa mwezi wa Kiislamu na tena kuanzia tarehe 15, na kwamba kati ya vipindi hivyo huwa maji mafu, yaani yasiyojaa wala kupwa sana. Kinachonitatiza ni maelezo ya skuli, kwamba mwezi huivuta bahari na jua huusaidia. Mwezi ukiandama, vyote viwili viko upande mmoja, hilo naliafiki. Lakini mwezi ukiwa mpevu, jua liko upande huu na mwezi upande wa pili. Kwa nini nguvu hizo zisipingane, maji yakawa mafu?

Mwalimu wa fizikia, Chake Chake
Waalaykum salaam, dada yangu. Maelezo ya skuli yaliacha kipande muhimu. Kinachojaza maji si ukubwa wa mvuto, bali ni tofauti ya mvuto huo baina ya upande mmoja wa dunia na mwingine. Maji yanayoelekea mwezi huvutwa zaidi kuliko kitovu cha dunia, na kitovu nacho huvutwa zaidi kuliko maji ya upande wa nyuma; kwa hivyo maji ya mbele hutangulia, ya nyuma huachwa, na bahari huinuka pande zote mbili. Jua nalo huinua pande mbili vivyo hivyo. Basi mwezi uwe upande wa jua au mkabala nalo, maadamu viko katika mstari mmoja, miinuko yao hujumlishana. Mwezi ukiwa nusu, jua huvuta kwa pembe mraba na kupunguza kazi ya mwezi, ingawa haliwezi kuifuta: liko mbali takriban mara 390 kuliko mwezi, na uwezo wake wa kujaza maji haufiki nusu ya ule wa mwezi. Msingi wa maelezo haya aliuweka Newton mwaka 1687.

Nahodha, Mkoani
Maalim yuko sawa, ila picha hiyo ingetimia kama dunia nzima ingekuwa bahari tupu. Bara huyazuia maji, na kina cha bahari huyachelewesha. Mwezi unapoandama huwa juu pamoja na jua karibu saa sita mchana, lakini hapa kwetu maji hujaa karibu saa kumi alasiri na hupwa karibu saa nne asubuhi. Hata bamvua lenyewe hufika kileleni siku moja au mbili baadaye.

Mkulima wa mwani, Jambiani
Saa nne ndiyo hasa tunayoshuka pwani. Mbona basi kila siku maji huchelewa?

Mwalimu wa fizikia, Chake Chake
Kwa sababu dunia inapomaliza saa 24 za kujizungusha, mwezi umeshasogea mbele katika njia yake, na dunia huhitaji takriban dakika 50 zaidi kuufikia. Kwa wiki moja dakika hizo hukaribia saa sita. Ndiyo maana siku za maji mafu, saa nne hiyo hiyo unayokata mwani wakati wa bamvua, utaikuta bahari imejaa. Mabamvua makubwa zaidi yatazame mwezi wa Machi na Septemba, jua linapokuwa juu ya ikweta.