Naomba ushauri: kuosha trekta baada ya kulima majaruba

Wakuu, habari za majukumu. Nina trekta, Massey Ferguson 290 niliyoinunua mkononi, nalimia majaruba ya mpunga huku Mbarali. Tope la huku likikauka linakuwa kama saruji. Linajaa kwenye magurudumu, ekseli, hadi chini ya gia boksi.

Msimu uliopita niliipeleka kwa waosha magari. Wakapiga maji ya presha kila mahali, injini ikiwa bado ya moto. Kesho yake stata ikagoma, alternata haichaji, na mapezi ya rejeta (vile vibati vyembamba vya kupoozea maji) yamelala. Fundi alipofungua stata akakuta maji ndani. Iliniuma sana, maana nilipoteza siku tatu za kulima na wateja wakaenda kwingine.

Sasa naosha mwenyewe. Naacha injini ipoe, nafunika stata, alternata na mdomo wa chujio la hewa kwa nailoni, na nikimaliza napiga grisi nipeli zote (vile vichuchu vya kuingizia grisi) ili isukume maji nje. Kinachonisumbua ni rejeta: makapi yameganda katikati ya mapezi. Nipulize kwa kompresa kutokea upande wa feni, au maji ya bomba ya kawaida yanatosha?

Halafu dereva wangu anang'ang'ania kusugua injini kwa dizeli ili kutoa oili. Mimi naona inaharibu mikanda na mipira ya maji. Nyie mnatumia nini? Na sabuni ya unga haili rangi?

Naombeni uzoefu wenu, msimu unakaribia.