Bondi moja, sahani tatu, majibu matatu: kosa liko wapi?

Maabara_NgongRoad: Hamjambo wataalamu. Ninapima sumu ya bondi ya meno (gundi ya resini) yenye HEMA, moja ya monoma zake, yaani molekuli ndogo zinazoungana resini ikiganda, na asetoni, kwa seli za panya za L929. Nimemimina visahani vya kipenyo cha mm 5, unene mm 1, nikavigandisha kwa taa sekunde 20, kisha kila kimoja nikakiloweka katika ml 1 ya midia (maji ya kulishia seli) kwa saa 24, nyuzi 37. Baada ya MTT, kipimo ambacho seli hai hukigeuza zambarau, seli hai ni 38% mara ya kwanza, 81% ya pili, 55% ya tatu. Chupa ni ile ile. Nibadilishe seli?

DktResini: Seli ziache, daktari. Tatizo ni visahani. Mdomoni bondi hupakwa utando mwembamba mno, kisha hupulizwa hewa hadi iache kutikisika, yaani asetoni imetoka. Ukiimimina unene wa mm 1, juu panakauka na asetoni inanaswa ndani. Resini ya namna hiyo haigandi sawasawa, na monoma zilizobaki huru ndizo zinazovuja kwenye midia. HEMA ni molekuli ndogo inayopenda maji. Hupenya seli na kumaliza glutathioni, kinga yake ya ndani, seli ikabaki bila kinga dhidi ya oksijeni haribifu. Chupa nayo ikikaa wazi asetoni hupungua, hasa huku Nairobi tulipo juu ya mita 1,700, kwa hiyo kisahani cha mwisho si ndugu wa cha kwanza.

Paka bondi kwenye kioo cha duara cha mm 12, puliza, gandisha taa ikiwa umbali ule ule kila mara. Pima nguvu ya taa kabla ya kuanza; betri ikishuka baada ya stima kupotea, majibu hubadilika. Halafu kuna ule uso unaonata: oksijeni ya hewani huzuia resini ya juu kugandamana. Kliniki hufunikwa na kompositi, ile resini ya kujazia jino. Wewe ufunike kwa ukanda angavu wa plastiki, au uuache wazi, lakini usichanganye hayo mawili katika jaribio moja.

PipetiSafi: Nyongeza: hata ile 81% isikufurahishe. Kisahani chako kina eneo la sm² 0.55 ukihesabu nyuso mbili na ukingo. ISO 10993-12, kiwango cha kimataifa cha kuandaa sampuli, inataka sm² 3 kwa kila ml kwa unene huo, maana yake ml 0.18 tu. Umezimua zaidi ya mara tano! Kwa utando chini ya mm 0.5 ni sm² 6 kwa ml. Kioo cha mm 12 kilichopakwa upande mmoja kitahitaji takriban ml 0.19, basi loweka kadhaa pamoja.

Vishimo vya pembeni vya sahani ya seli vijaze midia tupu, hukauka haraka. Weka pia kishimo chenye dondoo (midia iliyolowekewa bondi) na MTT bila seli. Kikigeuka zambarau, rangi hiyo haitoki kwa seli.

Maabara_NgongRoad: Asanteni sana. Dondoo likiwa la manjano, yaani lina asidi, nirekebishe pH?

PipetiSafi: Hapana. Bondi nyingine zina monoma zenye asidi, na asidi hiyo ni sehemu ya unachopima. Andika pH, usilichuje, na ulitumie ndani ya saa 24. Seli hai zikishuka chini ya 70% ya zile zisizoguswa, ISO 10993-5, kiwango cha kupima sumu kwa seli, inahesabu kuwa kuna sumu.