Mrejesho: kulinganisha hisa na sekta yake kwenye chati

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini hisa yangu inaonekana kama mstari uliolala kila ninapoiwekea faharasa ya sekta yake (kipimo cha bei za hisa za sekta nzima kwa pamoja) kwenye chati moja. Mliosema nibadili mizani kutoka bei kwenda asilimia, mlikuwa sahihi, asanteni sana.

Ila kilichonifumbua macho hasa ni uwiano, yaani bei ya hisa ukiigawanya kwa bei ya sekta. Kwenye TradingView (tovuti ya chati za bei) unaandika alama ya hisa, mkwaju (/), kisha alama ya mfuko wa sekta, mfano MSFT/XLK (Microsoft kwa mfuko wa hisa za teknolojia), unapata mstari mmoja tu. Ukipanda, hisa inaishinda sekta. Ukishuka, inaachwa nyuma. Chukua hisa iliyotoka 40 hadi 46: imepanda 15%, unafurahi. Sekta ikitoka 200 hadi 240 imepanda 20%, na uwiano umeshuka kutoka 0.200 hadi 0.192. Yangu ilikuwa hivyohivyo, na nilikuwa naisifia!

Angalizo: kwenye asilimia, tarehe ya kuanzia hubadili picha nzima. Ukisogeza chati kidogo, mshindi anaweza kuwa mwingine. Na kama hisa inatoa gawio (sehemu ya faida wanayolipwa wenye hisa), washa marekebisho ya gawio pande zote mbili.