Karani kahesabu mabati yangu, madeni kayaruka. Takwimu hizi za kaunti zinampima nani?

Wadau, jambo hili nimelimeza tangu Desemba na leo limenikwama kooni. Mtanisamehe kwa urefu.

Mimi ni wa Kilifi, mhudumu wa mezani hotelini. Wanaoijua kazi hii wanajua kalenda yetu: Desemba na Januari hatukai chini, Aprili hadi Juni tunaambiwa nendeni nyumbani, tutawapigia. Basi Desemba hiyo, wageni wamejaa hadi vyumba vya nyuma, ndipo karani alipobisha hodi na kishikwambi chake, katumwa na ofisi ambayo sitaitaja hapa. Kijana mpole, yeye hana kosa. Tulimpa kiti na maji, akaanza.

Paa la nini? Mabati. Sakafu? Saruji. Televisheni? Ipo. Friji? Hapo nikamwambia ipo lakini ilikufa mwaka juzi, mke wangu anawekea unga na vyombo panya wasifike. Akacheka, akasema fomu ina "ipo" na "haipo" tu. Akabofya "ipo".

Tukaja kwenye chakula. Siku 7 zilizopita mmekula nini, kiasi gani, kwa bei gani? Nikamtajia: unga, mchele, sukari, nazi, maharagwe, samaki mara mbili. Akaingiza yote mpaka chumvi. Nikangoja aulize kimelipwa vipi. Wapi! Mchele ule ulikuwa wa deni la dukani. Unga na sukari nilinunua kwa mkopo wa simu, niliokopa baada ya kulipa mkopo mwingine wa simu ili nisifungiwe. Samaki alileta shemeji yangu. Kuhusu madeni swali lilikuwa moja: kuna mtu wa nyumba hii aliyekopa katika miezi 12 iliyopita? Nikasema ndiyo. Akabofya, akashukuru, akaondoka. Unadaiwa ngapi, umechelewa miezi mingapi, umeuza nini ili ulipe, hakuna kitu.

Sasa ngoja niwaeleze kwa nini hili linaniuma kuliko usumbufu wa kuulizwa maswali.

Umaskini wa kaunti zetu 47 hupimwa kwa matumizi. Shirika la Taifa la Takwimu huchukua thamani ya vitu nyumba ilivyotumia, huzigawa kwa watu waliomo, halafu huangalia kama kila mtu amevuka mstari wa umaskini. Katika utafiti wa 2015/16 mstari ulikuwa shilingi 3,252 kwa mwezi kijijini na 5,995 mjini. Ndiko zilikotoka zile namba tulizozoea kusikia: nchi nzima asilimia 36.1, Turkana 79.4, Nairobi 16.7. Ukiishi mjini wakati ule kwa elfu sita mwezi mzima, hongera, wewe hukuwa maskini. Hilo tuliache, nisije nikatukana.

Tazameni shimo lilipo. Nikikopa nikala, matumizi yangu yamepanda. Nikikataa kukopa tukalala na uji, yameshuka. Yaani mwezi ninaozama ndio mwezi ninaoonekana nimepata nafuu! Kila deni jipya linanisogeza mbali na umaskini kwenye karatasi, na siku duka litakapofunga daftari ndipo nitakapoonekana nimeanguka, ilhali nilianguka zamani.

Sisemi kipimo hicho kitupwe. Kwa mtu wa Turkana anayelala njaa kinasema kweli, na pesa lazima zimfikie. Ninachosema ni kwamba njaa ni kitu kimoja na dhiki ya pesa ni kingine, na hii ya pili haina wa kuisemea. Mwalimu aliyekopa hadi mshahara ukabaki theluthi, ile ambayo sheria ya ajira inataka isiguswe, hataonekana maskini hata siku moja. Ana mabati, ana saruji, na tarehe 10 hana nauli.

Na kabla hamjaniambia FinAccess, ule utafiti wa huduma za fedha, ipo: najua ipo, nimeisoma. Utafiti huo wa Benki Kuu, Shirika la Takwimu na FSD Kenya ulianza 2006, na 2021 ukashuka hadi ngazi ya kaunti. Tena una kipimo kizuri cha afya ya fedha, kinachouliza kama nyumba inamudu mahitaji ya kila siku, kama inaweza kuhimili pigo la ghafla, na kama inaweka chochote kwa ajili ya mbele. Matokeo? Watu wazima wenye afya hiyo walikuwa asilimia 39.4 mwaka 2016. 2019 wakawa 21.7. 2021 wakawa 17.1, na 2024 ni 18.3. Katika utafiti huohuo, waliofikiwa na huduma rasmi za fedha wametoka asilimia 26.7 mwaka 2006 hadi 84.8 mwaka 2024.

Haya, niambieni ni ipi kati ya namba hizi mbili mnayoisikia kwenye hotuba. Zaidi ya wanane katika kumi tumefikiwa, na wanane katika hao kumi hawana afya ya fedha. Ya kwanza inapigiwa makofi, ya pili iko kurasa za ndani. Simu imetufikia kweli, na mkopo ukaja nayo.

Halafu hiyo kaunti yenyewe ni nini? Kilifi ina maeneo bunge saba. Nyumba za kifahari za Watamu na Vipingo ziko kwenye kapu moja na Ganze na Magarini, zinakorogwa, inatoka namba moja. Mtu wa Ganze anayetembea na punda kutafuta maji akiambiwa wastani wa kaunti yake, atafikiri anasomewa habari za Malindi mjini.

Na msidhani namba hizi ni za mapambo. Fomula ya tatu ya kugawa pesa za kaunti, ile iliyowafanya maseneta wavutane wiki kadhaa 2020, iliweka asilimia 14 kwenye umaskini. Nayo bima ya afya, tangu Oktoba 2024 asiye na mshahara hukadiriwa kipato kwa maswali ya jinsi hiyohiyo, nyumba na vilivyomo, kisha anatakiwa asilimia 2.75, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Mabati yakihesabiwa na deni lisihesabiwe, mabati ndiyo yanayolipa.

Mtu asiniambie haiwezekani. Marekani, taasisi ya utafiti iitwayo Urban Institute huchora ramani inayoonyesha, kaunti kwa kaunti, sehemu ya watu ambao madeni yao yamefikishwa kwa wakusanya madeni. Wanatumia rekodi za mashirika ya taarifa za mikopo, majina yakiwa yameondolewa. Sisi tuna mashirika hayo hapa, ndiyo hizo CRB, wengi wetu tunayajua vizuri kuliko tungependa. Shida ni kwamba rekodi zile hazitatosha peke yake: deni langu kubwa halimo CRB, limo kwenye daftari la mwenye duka, kwa mhasibu wa shule, na kwa mweka hazina wa chama cha akiba cha mke wangu. Ndiyo maana karani anapaswa kuuliza, na kuuliza mara ya pili mwezi wa tano, si kuja Desemba akiona nina shati safi akaridhika.

Maswali manne tu yangenitosha. Unadaiwa na nani? Umechelewa muda gani? Umeuza au kuweka rehani nini mwaka huu ili ulipe? Leo ukihitaji elfu kumi kabla ya keshokutwa, utazitoa wapi?

NYONGEZA: Kuna ndugu ameandika hapo chini kwamba mwenye televisheni asilie umaskini. Kwanza sikusema mimi ni maskini, soma tena. Pili, televisheni hiyo ilikuja na sola, nalipia kidogo kidogo kwa siku, na nisipolipa inajifunga yenyewe. Siku karani alipoihesabu ilikuwa imejifunga siku ya nne.

Kwa hiyo badala ya kubishana, kila mmoja aweke hesabu yake hapa, bila majina ya watu wala maduka. Kaunti, kisha madeni. Naanza mimi. Kilifi: dukani 6,400, karo ya vijana wawili 17,500, simu 3,900, imechelewa siku 23, chama 5,000, sola, nitaanza tena Ijumaa.