Naombeni ushauri: kupanga kona za kujifunzia darasa la awali, muda wenyewe mdogo

Tausi_wa_Bonde
Habari za jioni wanajukwaa. Msinishambulie, nimechoka. Mimi ni mwalimu shule ya msingi ya serikali, mwaka wa tatu kazini, Januari nikapewa darasa la awali kisa eti mimi ndo mdogo pale ofisini halafu najua kuimba. Sasa mwalimu mkuu katoka kikao cha kata kasema wathibiti ubora, wale wakaguzi wa shule, wanapita mwezi huu na anataka wakute kona zimekamilika, ya lugha, ya hesabu, ya sanaa, ya sayansi na ile ya nyumbani, nina wiki mbili. Chuoni tulichora kona kwenye manila tukapewa maksi, basi, hatukuwahi kuzijaribu na watoto wenyewe. Swali langu dogo tu: kona ipi ikae wapi na shelfu ziwe ngapi? Chumba kina madirisha pande mbili, mlango mmoja mbele karibu na ubao. Natanguliza shukrani.

Konda_wa_Zamani
Bandika picha ya simba kila kona, mthibiti akiuliza mwambie darasa zima ni hifadhi 😂😂

Mama_Wawili
Hizo kona mimi nazijua vizuri sana. Wa kwangu yuko chekechea ya kulipia, ada ukitajiwa unakaa chini, siku ya kumuandikisha nikaoneshwa kona ya nyumbani, kuna jiko dogo, vikombe, mdoli wa nguo nyekundu, nikalainika nikalipa. Mwaka mzima namuuliza mwanangu leo mmecheza na mdoli? Ananiambia mama yule mdoli ni wa wageni. Kumbe wanamshusha juu ya kabati siku ya kikao cha wazazi tu. Kwa hiyo mwalimu hata uzipange vipi, kama watoto hawagusi ni mapambo hayo.

Ticha_Mstaafu
Mwanangu Tausi, nimefundisha awali na darasa la kwanza miaka mingi, nikupe ya haraka. Kona zenye kelele zikae pamoja, yaani nyumbani na ujenzi, kona ya vitabu iende mbali nazo, karibu na dirisha ili mtoto aone anachokiangalia. Kona ya maji, rangi na udongo weka karibu na mlango, zikimwagika unafagia nje. Hesabu si lazima meza, mkeka unatosha. Kila kitu kiwe na picha yake na jina lake pale kinapokaa, mtoto ajue kizibo kinarudi wapi bila kukuuliza wewe. Lakini sijui kwa nini hujasema watoto wangapi. Wangapi?

Tausi_wa_Bonde
Shikamoo mwalimu, asante sana. Ni wengi kiasi. Ila nilikuwa nauliza zaidi upande wa shelfu.

Ticha_Mstaafu
Marahaba. Kiasi ndo wangapi? Mwalimu namba ya watoto wake anaijua hata usingizini.

Tausi_wa_Bonde
118. Ila hawaji wote kila siku, siku ya mnada wanabaki kama 80.

Konda_wa_Zamani
Hiyo sio darasa ni daladala ya mwendo wa jioni

Mzalendo_Halisi
Hapa ndipo tunapodanganyana. Uwiano uliopangwa wa awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, mia na kumi na nane ni walimu watano hao. Tangu elimu bila ada ianze 2016 watoto wakamiminika, jambo jema kabisa, lakini vyumba na walimu havikumiminika nao, halafu leo binti wa watu anaambiwa aweke kona tano kwa wiki mbili. Tatizo sio kona. Tatizo ni sisi wananchi hatuulizi. Mtu anachangia harusi laki mbili, ukimwambia dawati la mtoto anakuambia serikali ipo. Na nyie walimu mnakubali kila kitu, ndio mkuu, ndio mkuu.

Tausi_wa_Bonde
Kaka Mzalendo nakuelewa ila mimi sio waziri. Naomba turudi kwenye kona.

Pwani_Wima
Mwalimu usibabaike. Mimi niko Kilifi, Kenya, nafunza PP1, yaani awali mwaka wa kwanza. Huku chekechea iko chini ya kaunti kwa mujibu wa katiba ya 2010, kwa hivyo kilio chetu tunakipeleka kwa gavana, lakini darasa ni lilelile na mchanga ni uleule. Mimi sina kona za kusimama. Nina maboksi matano ya katoni, boksi moja ni kona moja. Asubuhi nayatoa, nayatandika kwa mkeka, mawili ndani, matatu nje chini ya mkwaju, nikimaliza nayafunga kamba yanarudi stoo. Ndani ya boksi la hesabu kuna vifuu, vizibo vya soda, kokoto, vijiti vimefungwa kumikumi. Na usiweke maharagwe!! Mwaka jana kuna mmoja wangu alikaa kimya sana nikadhani anahesabu, kumbe haragwe liko puani, na kila akilia linapanda, tukambeba kwa bodaboda hadi zahanati mimi nimekaa nyuma nimemshika kichwa. Tangu siku ile mbegu yoyote ndogo kwangu ni haramu.

Mama_Wawili
Wa kwangu wa kwanza alijaza shanga sikioni, tulikuja kugundua mwezi mzima baadaye, tulidhani amekuwa mkaidi 😭

Konda_wa_Zamani
Mie nilimeza shilingi tano enzi hizo, mpaka leo sijarudishiwa chenji

Tausi_wa_Bonde
Pwani_Wima asante, la maboksi zuri, ila kwangu gumu kidogo kwa sababu tayari fundi ana kazi yangu. Shelfu nne za mbao, za kufungwa ukutani, nimeshampa advansi laki tatu kwa hiyo siwezi kurudi nyuma. Na shelfu zinaonekana nadhifu, mtu akiingia mlangoni anaona kona. Ndo maana nikauliza zikae wapi.

Kipanga_Mkavu
Laki tatu za nani?

Tausi_wa_Bonde
Za wazazi, elfu tatutatu. Kamati ya shule ilikaa, muhtasari upo, hakuna aliyelazimishwa. Hilo naomba tusilijadili.

Mzalendo_Halisi
Tusilijadili tena? Hilo ndo la kujadili. Kibali cha mchango kipo? Mimi nimeona mwalimu akihamishwa kwa elfu moja ya ufagio. Kuwa makini binti.

Ticha_Mstaafu
Hizo shelfu zina kimo gani?

Tausi_wa_Bonde
Futi sita. Zina milango na kufuli.

Ticha_Mstaafu
Mwanangu. Mtoto wa miaka mitano ana futi tatu na nusu, akinyoosha mkono akasimamia vidole rafu ya juu haifiki. Yule mama Montessori, Mtaliano wa elimu ya watoto wadogo, alipofungua darasa lake kule Roma 1907 alitengeneza makabati mafupi na viti vidogo makusudi kabisa, mtoto achukue mwenyewe na arudishe mwenyewe, bila hivyo hakuna kona hapo, kuna stoo yenye rangi. Kwa nini futi sita? Na kufuli la nini?

Tausi_wa_Bonde
Ili wasivuruge.

Ticha_Mstaafu
Kuvuruga ndiyo kazi yao. Nauliza tena kufuli la nini.

Tausi_wa_Bonde
Haya. Chumba sio chetu peke yetu. Sisi tunatoka saa tano na nusu, saa sita anaingia darasa la pili zamu ya mchana mpaka jioni. Nimeshabandika herufi ukutani mara mbili, asubuhi nakuta a imewekwa masharubu. Wale vizibo wanachezea mpira. Mkeka wetu waliukalia wakiwa wametoka kulima bustani ya shule. Sasa nikiacha vitu chini nitabaki na nini? Ndo maana juu, ndo maana kufuli. Sikusema mwanzo kwa sababu nilijua mtaniambia niache kabisa.

Pwani_Wima
Sasa mwalimu si hapo ndipo maboksi yanapoingia! Chumba cha kupokezana hakifai kitu cha kupigiliwa. Watoto wako 118, gawa makundi, nusu mbaki ndani na hadithi, nusu nje na maboksi, omba wazazi wawili wa zamu wakae na wa nje, kengele ikilia mnabadilishana. Anza na maboksi mawili wiki ya kwanza mpaka wajue kurudisha, ukiyatoa matano siku moja utalia.

Kipanga_Mkavu
Samahani jamani naomba niharibu shughuli. Hii ni CHAI, stori ya kutunga. Nimeingia kwenye nyuzi za zamani za huyu Tausi, mwezi wa tatu aliuliza bei ya mbao za msindano Mafinga, futi ngapi lori moja. Mwalimu wa awali na lori la mbao wapi na wapi? Huyu ni fundi seremala anapima soko la shelfu za shule, ndo maana kila akipewa ushauri anarudi kwenye shelfu.

Konda_wa_Zamani
Chai ya maziwa kabisa, na tangawizi

Mama_Wawili
Eeh hata mimi nilijiuliza mbona "shelfu ziwe ngapi" posti ya kwanza tu. Tausi weka picha.

Mzalendo_Halisi
Kama ni chai basi nimechoma bando langu bure. Ila hoja yangu ya uwiano iko palepale.

Tausi_wa_Bonde
Mbao ni za kaka yangu alikuwa anapaua, hana simu ya maana nikamuulizia. Picha za watoto wa watu siweki humu, na shelfu ziko kwa fundi. Kipanga, wewe njoo saa moja na nusu usimame getini. Kuna mtoto wangu anakuja na kigoda kichwani kila siku kutoka kwao, kwa sababu siku ya kwanza alikosa pa kukaa akamwambia bibi yake. Saa tano na nusu anakibeba anarudi nacho. Siku asiponiaga nakitafuta kigoda kwanza ndo namtafuta yeye, kwa sababu kigoda kikiwepo na yeye yupo. Ukimaliza kuangalia hilo uje uniambie mimi fundi.

Ticha_Mstaafu
Kipanga muache. Fundi hawezi kujua habari ya kigoda. Mimi nilikuwa na wa namna hiyo, yeye alikuja na ndoo, anaigeuza anaikalia.
Tausi, mpigie fundi usiku huu. Mwambie asifunge ukutani, kila shelfu aikate vipande vitatu vya futi mbilimbili, atoe milango. Utapata vibanda kumi na viwili vifupi, viwili-viwili kwa kila kona ni kumi, viwili vya akiba. Mkimaliza mnavisukuma pembeni mnavigeuza uso ukutani, darasa la pili wataona migongo tu. Vitu vyenyewe viende kwenye maboksi ya Pwani_Wima, ofisini kwa mkuu. Kama anataka kona, na yeye atoe pembe ya ofisi.

Tausi_wa_Bonde
Nimempigia hapokei.

Tausi_wa_Bonde
Kapokea. Anasema tatu ameshazipaka vanishi, akikata tutaongeza elfu sitini na kuni ni zake. Nimemwambia asiguse mpaka kesho nikaongee na mkuu. Mkuu mwenyewe ndo aliyechagua futi sita, sijui naanzia wapi.

Konda_wa_Zamani
Anzia kwenye kigoda

Binti_Goba
Jamani mimi nina dei kea ndogo Goba nimefuatilia uzi wote. Vile vifupi vya futi mbili ndo navitafuta siku nyingi. Tausi naomba namba ya fundi inbox.

Kipanga_Mkavu
Mnaona sasa?