Kovu limetoka wapi kwenye titi ambalo halijawahi kuumia?

bintiwapwani: Habari wakuu. Shangazi yangu kafanyiwa baiopsi ya titi, majibu ni kansa, matibabu ameshaanza kwahiyo siulizi dawa hapa. Ripoti imeandika "stroma ya desmoplastiki" kuzunguka seli za kansa, nikamuuliza daktari akanambia ni nyama ya kovu, hapo hapo akaita mgonjwa mwingine. Sasa kovu la nini na shangazi hajawahi kuumia titi? Na lile donge gumu kama kokwa la embe, ukiligusa halichezi.

fundi_slaidi: Poleni sana. Mi niko maabara ya histolojia, nakata vipande na kuvitia rangi. Ule ugumu kwa sehemu kubwa si wa seli za kansa, zenyewe ni laini tu, ugumu ni wa kolajeni. Seli nyingi mwilini zimekaa kwenye wavu wa protini, kuna kolajeni, fibronektini, laminini na nyingine kibao, na mafundi wa kuufuma ni fibroblasti, wale wale wanaoziba ukijikata. Kansa inawatumia ishara kama TGF-beta kwamba hapa pana jeraha, basi wanafuma tu hawaachi, halafu enzaimu inaitwa LOX inazifunga nyuzi pamoja zinakaza. Harold Dvorak aliandika mwaka 1986 kwamba uvimbe wa kansa ni kidonda kisichopona, ndo kovu lenyewe hilo. Donge la hivyo nikilikata kisu kinakwaruza krr krr kama pera bichi, na kwenye slaidi unaona mikanda ya waridi, ndo kolajeni hiyo, imejaa, seli za kansa za zambarau zimebanwa katikati.

mjukuu_wa_juma: Si afadhali basi mkuu, mwili unaijengea kansa ukuta?

fundi_slaidi: Ingekuwa hivyo tungelala. Nyuzi zikiwa zimejikunja na kulala kufuata ukingo wa uvimbe sio mbaya sana, ila zikinyooka zikachomoza kuelekea nje seli zinazifuata kama siafu njiani, na watafiti wa Wisconsin walionyesha 2011 kuwa wagonjwa wenye mpangilio huo walifanya vibaya zaidi. Ukuta wa kweli ni ule utando mwembamba wa laminini na kolajeni aina ya 4 unaozunguka vijifereji vya maziwa, ukiwa mzima kansa bado iko ndani, ukitobolewa na enzaimu nyingine zinazokata protini ndo wanaandika imevamia.

mjukuu_wa_juma: Si wangeleta dawa ya kuzuia hizo enzaimu zinazotoboa

fundi_slaidi: Walijaribu, marimastat, kwenye kansa ya titi iliyosambaa haikusaidia na wagonjwa waliumwa viungo balaa.

nesi_mstaafu: Nyie wengine mnaosoma msianze kujipima kwa ugumu tu, fibroadenoma nayo ni ngumu na si kansa, na kuna kansa laini pia. Donge lolote jipya kapigwe picha hospitali.

bintiwapwani: Asanteni. Yake imeandikwa imevamia. Kumbe ndo maana ya hilo neno.